Misitu Mikavu ya Uzigua

Watu wa mjini wakitaja misitu ya mkoa wa Tanga, aghalabu huwa wamekusudia milima ya Usambara: miti mirefu ya Amani na Magamba, ukungu usioondoka hadi adhuhuri, vinyonga wa ajabu, na maji ya baridi yateremkayo juu ya mawe. Nchi ya Wazigua iliyo kusini ya mto Pangani, yaani Kwaluguru na vijiji vingine vya Handeni vilivyojitandaza katika vilima vifupi na mabonde makavu, haiingizwi katika hesabu hiyo. Miti yake huonwa kuwa vichaka tu, mahali pa kupitia kwa haraka, pa kuchomea mkaa, au pa kufyekwa ili mahindi na ufuta vipate nafasi. Makala haya yanashikilia kinyume cha rai hiyo. Misitu ya nchi kavu ina nasaba yake, kanuni zake na faida zake, na kwa kuwa wachache ndio waionayo kuwa misitu, hiyo ndiyo itowekayo upesi kuliko ile ya milimani ambayo kila mtu huilinda.

Asili ya tofauti za mimea katika nchi hii ni pepo za bahari. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na kusi hushika zamu tangu Aprili hadi Septemba au zaidi. Mabaharia wa Pangani, Saadani na Tanga waliendesha maisha yao kwa majira hayo kabla ya kuwako saa wala kalenda za kutundika ukutani, kwa kuwa kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi ndiyo iliyoyarudisha kwao yakiwa yamesheheni boriti za mikoko, pembe na sandarusi. Kusi hiyo hiyo, ikisha kuvuka mstari wa ikweta, hupinda kuelekea mashariki, ikajaa unyevu wa bahari, na ifikapo Juni ikawaangukia watu wa India kwa mvua wanazozingojea mwaka mzima. Basi sisi na wao tu majirani wa upepo mmoja, ijapokuwa bahari imetutenga.

Walakin upepo mmoja hauleti mvua za namna moja. Wenzetu wa India hupata msimu mmoja mkubwa wa mvua, kisha miezi mingi ya ukavu. Lakini kwetu ukanda wa mvua, ambao hulifuata jua likipanda kaskazini na kushuka kusini, hutupitia mara mbili, ukatupa masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mwenye kulima Handeni anajua vema kwamba ukarimu huu wa mara mbili una udanganyifu ndani yake, maana masika yaweza kuwa haba na vuli isije kabisa, na mara nyingine vuli ikaja kwa wingi hata ikang'oa mbegu mchangani. Miti ya asili ya nchi hii imezaliwa katika shaka hiyo, na umbo lake lote, tangu gome hadi mzizi, ni jawabu la shaka hiyo.

Ili kuona jinsi upepo mmoja unavyozaa misitu mbalimbali, inatosha kusafiri safari fupi kutoka milimani hadi Handeni mwezi wa Septemba, wakati kiangazi kimekomaa. Usambara ya Mashariki huikabili bahari bila ya kizuizi. Hewa yenye unyevu hulazimika kupanda juu ya kuta zake, ikapoa, ikamwaga mvua, hata Amani hupata takriban milimita 1,900 kwa mwaka na pasiwe na mwezi mkavu kwelikweli. Upande wa nyuma wa milima, katika tambarare za Mkomazi, hewa hiyo hufika imekwisha kukamuliwa, na nchi huwa ya miiba na mibuyu. Handeni iko kati ya hali hizo mbili: hupata mvua ya kadiri ya milimita 800 hadi 1,000, kiasi kitoshacho kuotesha msitu, kisichotosha kuufanya uwe na majani mwaka mzima. Msafiri avukaye mto Pangani penye Korogwe huacha nyuma yake kijani kibichi cha milima, akapita katikati ya mashamba ya katani, kisha akaingia katika nchi ya rangi ya majivu na kahawia, ambamo miti imesimama mitupu kama iliyokufa. Haikufa. Inangoja.

Juu ya misitu ya milimani nitasema machache tu, kwa kuwa ina wasemaji wengi. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo na mimea pale Amani mwaka 1902. Na miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1892, ofisa wao Walter von Saint Paul-Illaire aliliona ua dogo la zambarau katika nchi ya Tanga, akapeleka mbegu zake kwao, na leo ua hilo hukaa katika madirisha ya nyumba duniani kote, hali ndugu zake wa porini wamebaki katika miamba michache yenye kivuli. Katika miaka ya 1970 na 1980 misumeno ya kampuni iliingia ndani ya misitu hiyo kwa nguvu, hata ukataji huo ukaja kusimamishwa. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani yenye hekta 8,380, na mwaka 2000 UNESCO ikaiorodhesha Usambara ya Mashariki miongoni mwa maeneo yake ya hifadhi ya viumbe. Hata hivyo si kila jambo limetengenea. Mti uitwao kwa Kilatini Maesopsis eminii, wenye asili ya pande za Ziwa Viktoria, uliopandwa Amani wakati wa Wajerumani, hutawanywa mbegu na hondohondo wapendao matunda yake, nao umejipenyeza kila penye uwazi ulioachwa na misumeno. Jambo hili lapasa kuwafikirisha wale wanaodhani kuwa kupanda mti wowote mahali popote ni kuhifadhi msitu. Maji ya mto Sigi, wanayokunywa watu wa mji wa Tanga, hutoka katika milima hiyo, na kwa sababu hiyo hata mtu asiyejali ndege wala maua hujali Amani.

Kando ya mto Pangani palikuwa na msitu wa namna nyingine, wa mikuyu na mivule, uliokula maji ya mto na si ya mbingu. Sehemu kubwa ya msitu huo haipo tena. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya katani kutoka Florida, ikafika mingi imekufa, na katika ile 62 iliyosalimika yakaanzishwa mashamba yaliyoenea katika bonde la Pangani na Lwengera; mwaka huo huo ujenzi wa reli ukaanza Tanga, nayo ikafika Korogwe mwaka 1902. Katani ilihitaji ardhi, na vinu vyake na garimoshi vikahitaji kuni; msitu wa mtoni ukavipatia vyote hivyo.

Sasa tuje kwenye msitu wa nchi kavu wenyewe. Katika vilima vya Handeni kuna mirihi na jamii zake za miombo, kuna milama, kuna migunga ya namna nyingi, mikwaju, mininga, mipingo, na mibuyu iliyosimama peke yake. Mti wa nchi yenye mvua za msimu hauna budi kuchagua moja katika mambo mawili: kudumisha majani na kuhatarisha maji yake, au kuyapukutisha na kulala. Mingi ya Handeni huchagua kulala. Lakini tazama ajabu ya mrihi: katika Septemba na Oktoba, ardhi ingali ngumu kama sakafu na vuli haijatoa hata ishara ya wingu, mti huo hutoa majani machanga, mekundu kama shaba, kisha ya rangi ya asali, halafu mabichi, na kwa wiki chache kilima kizima huonekana kinawaka. Maji ya kufanyia kazi hiyo hayakutoka mawinguni, bali yalikwisha kuwekwa akiba ndani ya shina na katika mizizi iendayo chini sana. Majani yakisha kukomaa, mvua ya kwanza huyakuta tayari, na hakuna siku moja ya vuli inayopotea bure. Mkulima angojaye mvua ndipo aanze kutafuta jembe angepata funzo hapo, ingawa sitaki kumlaumu, maana jembe lina bei.

Mizizi hiyo ndiyo siri kubwa ya msitu mkavu. Ukiukata mrihi kwa shoka, kisiki chake hakifi. Hutoa machipukizi mengi mwaka ule ule, na kama moto na mbuzi na jembe vikikaa mbali, baada ya miaka kadhaa utakuwa na miti tena. Kwa hiyo msitu mkavu unastahimili kukatwa kuliko msitu wa milimani, ambao ukifunguliwa huingiliwa na wageni. Kisichostahimiliwa ni visiki kung'olewa, na moto wa mwisho wa kiangazi. Moto wa Juni au Julai, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita chini kwa chini na hauidhuru miche sana. Ule wa Septemba na Oktoba, unaowashwa na mwindaji au na mtu atayarishaye shamba, hukuta nyasi zimekauka hadi shinani, ukapanda juu, ukaua machipukizi yote ya miaka mitatu au minne kwa alasiri moja. Wazee waliotangulia walijua kuchoma mapema. Ilikuwa ni tadbiri, wala haikuwa uharibifu.

Huko India na Burma, mti ulio mashuhuri katika misitu ya namna hii ni msaji, upukutishao majani kama mirihi yetu, na ambao mbao zake zilijenga majahazi yaliyoletwa na kaskazi. Serikali imeupanda msaji huo katika shamba la Longuza, wilayani Muheza, nao umekubali, kwa kuwa ardhi na majira havikuwa vigeni kwake. Lakini mpingo wetu, ambao ni mzito hata huzama majini, na ambao mafundi wa Ulaya hufanyia zumari na filimbi za bei kubwa, hukua polepole mno: mtu aupandaye haupandi kwa ajili yake, na pengine hata si kwa ajili ya mwanawe. Ndiyo maana mpingo mmoja ukatwao kwa ajili ya gunia la mkaa ni hasara isiyo na hesabu.

Si sahihi, walakin, kudhani kwamba kila kichaka cha Handeni ni cha tangu kuumbwa kwa dunia. James Giblin, mwanahistoria aliyechapisha mwaka 1992 kitabu juu ya mazingira na siasa za Uzigua, ameonyesha kwamba katika karne ya kumi na tisa watu wa nchi hii walikuwa na ng'ombe, na ghala za nafaka, na vijiji vilivyoweza kukizuia kichaka kisisogee karibu. Ikaja sotoka ikaua ng'ombe, ikaja njaa kubwa ya miaka ya 1894 hadi 1896 pamoja na nzige na ukame, ikaja na kodi na kazi za utawala wa Kijerumani. Watu wakapungua na kutawanyika, kichaka kikajaza mahame yao, na pamoja na kichaka akaja mbung'o, ambaye kwa muda mrefu aliifanya sehemu kubwa ya nchi isifae kufugia ng'ombe. Basi msitu tuuonao ni kazi ya mvua na ya watu pia, na mahali pengine ni kaburi la mji. Jambo hili halipunguzi thamani yake. Linatufunza tu kwamba watu wa Uzigua hawakuwa wapita njia katika misitu hii, bali walikuwa watengenezaji wake.

Ithibati iliyo wazi zaidi ni misitu ya matambiko. Katika vijiji vingi vya Wazigua yapo mapande ya msitu, mengine madogo kuliko uwanja wa mpira, ambayo hayakuguswa na shoka kwa vizazi vingi: hapa palizikwa wakuu wa ukoo, pale vijana walifundishwa mambo ya utu uzima, pengine ni chemchemi ambayo mizimu ilisemwa kuwa huishi karibu nayo. Hapakuwa na uzio wala askari. Palikuwa na mzee aliyejulikana, na adhabu iliyojulikana, na hofu ambayo kila mtoto alinyonyeshwa pamoja na maziwa. Mwaka 1998 watafiti wa Kitanzania na Kifini walichapisha matokeo ya kuyachunguza mapande kama hayo katika Handeni na Upare ya Kaskazini, na mwaka 2006 Jussi Ylhäisi wa Chuo Kikuu cha Helsinki akaandika tasnifu nzima juu ya misitu ya jadi ya Wazigua na Wagweno. Wasomi hawa waliipa heshima ya kitabuni desturi ambayo wengi wetu tulikuwa tumeanza kuionea haya, tukiiita ushirikina.

Desturi hiyo imedhoofika, na sababu zake hazifichiki. Dini zetu zilimwondolea mzimu kitisho chake. Watu walipohamishwa katika miaka ya 1970 kwenda katika vijiji vya pamoja, msitu wa ukoo ukabaki mbali na nyumba za wenyewe, na mtu hawezi kulinda asichokiona. Wageni wakaja kutafuta mashamba na malisho, wasiojua kuwa kichaka kile kina mwenyewe. Sidai kwamba hofu ya mizimu irudishwe. Nadai kwamba ulinzi ulioondoka pamoja nayo haukupata badali, na nafasi yake ikachukuliwa na mchoma mkaa.

Huyu mchoma mkaa naye anastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa anatukanwa na watu wale wale wanaopikia mkaa wake. Huanza kwa kuchagua miti migumu, milama na migunga na mirihi, akaikata vipande vya urefu wa mtu au pungufu, akaviacha vinyauke. Huvipanga vikubwa chini katikati, vidogo juu na pembeni, akafunika kwa majani mabichi na nyasi, kisha kwa udongo, akaacha mlango mdogo upande upepo utokako na matundu upande wa pili. Akisha kuliwasha tanuru halali usingizi wa raha: moshi mzito mweupe maana yake ni maji yanatoka katika kuni, ukigeuka kuwa mwembamba wa samawati, mkaa umeiva, na tundu lolote lililopasuka katika udongo lazima lizibwe upesi, ama sivyo hewa itaingia na kazi ya siku nyingi igeuke majivu. Kisha hufukua, hupoza kwa mchanga, hujaza magunia hadi yanapita midomo, na kuyafungia juu kwa majani na kamba, mtindo wa lumbesa, ayasogeze barabarani kwa baiskeli au pikipiki. Tanuru la namna hii hula kilo tano hadi kumi za kuni ili kutoa kilo moja ya mkaa. Faida kubwa haibaki kwake. Hubaki kwa mwenye lori na kwa wauzao mjini.

Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba Tanzania hutumia takriban tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na nusu yake huchomwa katika majiko ya Dar es Salaam. Handeni, ikiwa karibu na barabara kuu inayopita Segera na Chalinze, ni mojawapo ya ghala za jiji hilo. Serikali imekataza taasisi zenye kulisha watu zaidi ya mia kutumia kuni na mkaa, na imeweka mkakati wa kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Ni nia njema; lakini gesi ikipanda bei, mama wa Manzese, Dar es Salaam, hurudi kwenye gunia, na gunia hurudi Handeni.

Tathmini ya misitu ya nchi nzima iliyotolewa mwaka 2015 iliikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na zaidi ya tisa katika kila kumi za hizo ni misitu ya miti iliyoachana, ya jamii ya miombo na migunga, kama hii ya Handeni. Misitu minene ya milimani ni sehemu ndogo sana. Basi anayesema msitu mkavu si msitu ameifuta karibu misitu yote ya nchi kwa kauli moja.

Dawa ya sheria ipo. Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 zimewapa wanakijiji haki ya kutenga msitu wao katika ardhi ya kijiji, kujiwekea kamati ya maliasili, kutunga sheria ndogo, kutoza faini, na kuvuna kwa mpango na kula mapato yake. Upande wa magharibi, kuvuka Kilindi ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa sehemu ya Handeni, vijiji vya kata za Sunya, Lengatei na Dongo katika Kiteto viliungana kuutunza msitu mkavu wao, uitwao SULEDO, baada ya kukataa usichukuliwe na serikali, na mwaka 2002 vikapata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Watu hao hawakuacha kukata miti. Walianza kuamua ni ipi, na wapi, na kwa idhini ya nani. Kisiki kinachochipua kinaruhusu mpango wa namna hiyo, mradi moto wa kiangazi uzuiwe na eneo lililokatwa lipumzishwe miaka ya kutosha kabla ya shoka kurudi.

Kwa msomaji aliye Kwaluguru, au aliyezaliwa huko na sasa yuko mjini, liko jambo la kufanya lisilohitaji mfadhili. Katika mkutano mkuu wa kijiji ujao aulize maswali matatu: mipaka ya msitu wa kijiji imepimwa na kuandikwa wapi, mapande ya matambiko ya koo zetu yameingizwa ndani ya mipaka hiyo au yameachwa nje, na nani ana daraka la kusimamia uchomaji wa mapema kabla ya Agosti. Asipopata majibu, aombe mambo hayo yaingizwe katika ajenda na yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, kwa kuwa sheria humsikiliza mwenye maandishi.